Jina Kutoka Ni Jambo Moja, Kuripoti Chuoni Ni Jingine

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka mwezi Julai, nchi nzima husikia sauti za vyuo vikuu. Mabango hupanda barabarani, redio husoma matangazo ya udahili asubuhi na jioni, na simu za wazazi hujaa jumbe za kuwakaribisha watoto wao. Anayeyaona hayo huamini kwamba kazi ya ofisi ya udahili na masoko ni kutangaza mpaka vijana waje. Kutangaza kupo, na kuna gharama zake, lakini ndiyo sehemu nyepesi. Kazi nzito huanza jina la mwombaji likishatoka kwenye orodha ya waliochaguliwa. Hapo, kati ya jina kutoka na kijana kufika getini na begi lake, chuo hupoteza mwanafunzi ambaye kilikwisha kumpata, na kijana hupoteza nafasi aliyokwisha kuistahili.

Kwa nini mambo yako hivi? Kuanzia mwaka wa masomo 2010/11, mwombaji wa shahada ya kwanza nchini Tanzania alituma maombi kwenye mfumo mmoja wa pamoja uliosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Alipanga machaguo yake, mfumo ukampangia chuo kwa kuangalia sifa zake na nafasi zilizopo. Vyuo vilisubiri orodha. Mwaka 2017 utaratibu huo uliondolewa na maombi yakaenda moja kwa moja vyuoni, huku Tume ikibaki na kazi ya kuratibu awamu za udahili na kuhakiki sifa. Kijana akapata uhuru wa kuomba chuo hiki na kile kwa wakati mmoja. Chuo nacho kikalazimika kujitafutia wanafunzi. Vitengo vya masoko tunavyoviona leo vilipata nguvu hapo.

Basi tuifuate safari ya mwombaji hatua kwa hatua, tuone anapopotelea.

Hatua ya kwanza ni sifa. Kiwango cha chini cha jumla kwa mhitimu wa kidato cha sita ni kufaulu masomo mawili, kuanzia daraja la A hadi E, yenye jumla ya pointi 4.0. A ina pointi 5, B pointi 4, C pointi 3, D pointi 2 na E pointi 1. Mwenye D mbili amefika. Mwenye E mbili hajafika. Hilo ni rahisi. Kinachowaangusha wengi ni kwamba masomo hayo mawili lazima yawe yale yaliyotajwa kwa programu husika kwenye mwongozo wa udahili unaotolewa na Tume kila mwaka. Kijana wa HGL (historia, jiografia na Kiingereza) mwenye alama za kupendeza hawezi kuingia uhandisi, na udaktari wa binadamu unadai fizikia, kemia na biolojia, yote matatu. Zipo pia programu zinazorudi nyuma kutazama hisabati ya kidato cha nne.

Kwa hiyo, ukienda kwenye Maonesho ya Elimu ya Juu yanayofanyika kila mwaka katika viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, usimpime ofisa kwa uzuri wa banda lake. Mpime kwa swali analokuuliza kwanza. Anayeanza kwa kuomba cheti cha matokeo na kufungua mwongozo anakutakia mema. Anayeanza kwa kukupa kipeperushi na kukwambia kila kitu kinawezekana anatafuta jina la kujaza orodha. Na ofisa anayejua kazi yake humwambia kijana waziwazi, "Kwa matokeo haya, hapa kwetu hapana, anza na stashahada, au tazama programu hii ya chuo kile." Jibu hilo linampunguzia mtu mmoja kwenye orodha ya leo. Lakini mzazi aliyesimama pembeni atalikumbuka mdogo wake kijana huyo atakapomaliza shule.

Hatua ya pili ni kujaza maombi yenyewe. Mfumo uko mtandaoni, na waombaji wengi huujaza stesheneri, wakiwa wamekaa nyuma ya bega la mtu anayewachapia. Hapo hutokea kosa dogo lenye madhara makubwa: mchapaji huweka namba yake ya simu, au barua pepe aliyoitengeneza papo hapo, kisha nywila inabaki kwake. Mwombaji anarudi kijijini. Chuo kinatuma ujumbe, unafika stesheneri. Ongeza na wale walioitwa kambini kwa mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, ambao hawashiki simu wapendavyo, na utaelewa kwa nini asubuhi ya ofisa wa udahili hupita akipiga namba zinazopokewa na watu wasiomjua mwombaji.

Hatua ya tatu ndiyo inayochanganya wengi: kuthibitisha. Aliyechaguliwa chuo kimoja tu hana la kuthibitisha. Lakini aliyechaguliwa vyuo viwili au zaidi lazima achague kimoja kwa kutumia namba maalumu ya siri anayotumiwa kwa simu au barua pepe, tena ndani ya siku chache zilizotangazwa na Tume. Namba hiyo ikienda kwa mchapaji wa stesheneri, au kijana akidhani kuona jina lake kumetosha, muda unapita. Ofisi yetu ya udahili hupokea simu za namna hii kila siku katika majuma hayo:

"Mwanangu, jina la binti yangu lipo kwenu na lipo chuo kingine. Tufanyeje?"

"Shikamoo mama. Yeye mwenyewe anataka kusoma nini?"

Swali hilo ni muhimu kuliko kuuliza anataka chuo gani. Ikiwa programu anayoipenda iko kwa wenzetu, wajibu wa ofisa ni kusema hivyo na kumwelekeza namna ya kuthibitisha huko. Najua wapo wanaofundishwa kung'ang'ania. Kung'ang'ania hukipatia chuo mwanafunzi wa muhula mmoja, ambaye dirisha la uhamisho likifunguliwa ataondoka, na mwaka mzima atakuwa akiwaeleza wenzake kwamba alidanganywa.

Hatua ya nne ni fedha, na hapa ndipo majina hupungua kimyakimya. Familia nyingi hudhani kuomba chuo na kuomba mkopo ni jambo moja. Ni mambo mawili, yana madirisha mawili na ofisi mbili. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hupokea maombi yake yenyewe, hudai vyeti vilivyohakikiwa, na humtambua mwombaji kwa namba yake ya mtihani wa kidato cha nne. Aliyerudia mtihani ana namba mbili. Akiombea chuo kwa namba moja na mkopo kwa nyingine, mifumo haimwoni kuwa ni mtu mmoja, na anaweza kukosa mkopo aliostahili. Ofisa anayemkumbusha mwombaji jambo hilo mwezi Julai amefanya kazi kubwa kuliko bango lolote.

Kisha kuna gharama zisizotajwa kwenye matangazo. Tangazo husema ada. Halisemi pango la mwezi wa kwanza, godoro, bima ya afya, michango ya usajili, nauli ya kutoka Kigoma au Songea, wala chakula cha siku ambazo bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, halijaingia. Mzazi aliyeuza mbuzi ili apate ada hugundua mengine akiwa stendi. Chuo kinachotaka wanafunzi wake wafike lazima kiwaandikie gharama zote za muhula wa kwanza kwenye ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, na kiseme ni zipi hulipwa siku ya kwanza na zipi zinaweza kusubiri. Wapo wanaohofia kwamba ukurasa huo utawakimbiza watu. Kinachowakimbiza ni kukuta deni wasilolitarajia dirishani, mbele ya foleni, wakati mtoto tayari ameshafika.

Ndiyo maana napinga desturi ya kuipima ofisi ya udahili kwa idadi ya maombi yaliyopokelewa. Maombi ni rahisi kuyaongeza: punguza ada ya maombi, ongeza matangazo ya redio, peleka vijana mashuleni. Idadi itapanda na uongozi utafurahi. Pima badala yake waliosajiliwa kati ya waliochaguliwa, halafu pima waliobaki darasani mwaka wa pili. Namba hizi mbili haziwezi kupambwa. Zinaonyesha kama tulimwambia kijana ukweli kuhusu sifa, programu, gharama na mahali atakapoishi. Na ofisa anayepimwa hivyo hubadilika mwenyewe: hupiga simu ya pili kwa aliyechaguliwa kabla ya kumtafuta mwombaji mpya.

Kwa mzazi na kijana wanaosoma makala hii, mambo ya kufanya si mengi. Tumieni namba ya simu ya mtu wa nyumbani mnayemwamini, na nywila muiandike wenyewe daftarini. Fungueni mwongozo wa Tume kabla ya kumsikiliza mtu yeyote, mimi nikiwemo. Hakikisheni programu ina ithibati. Ombeni mkopo kwa namba ile ile ya kidato cha nne mliyoombea chuo. Jina likitoka vyuo viwili, thibitisheni mapema. Na kabla ya kulipa chochote, pigeni simu ofisi ya udahili mkaombe orodha kamili ya gharama. Chuo kinachowajibu kwa subira leo, kabla hakijapata shilingi yenu, kina dalili njema ya kuwasikiliza miaka mitatu ijayo.