Pesa ni ya miaka 2, binti anataka miaka 6



Siku ya posho iliyopita, baada ya kufunga hesabu ya likirimba, mama mmoja wa kikundi chetu alibaki kwenye benchi wakati wengine walikuwa wanabeba watoto mgongoni ili warudi nyumbani. Anauza sambaza kule Kadutu, na wengi wetu ni wateja wake. Akatuambia: « Ninyi walimu mlisoma, mnisaidie. Binti amemaliza lisansi yake ya uuguzi. Nina pesa ya miaka 2. Yeye anataka kuanza masomo ya uganga. Shangazi yake anasema afanye masta ya afya ya jamii, itaisha upesi. Mimi hata tofauti siioni. Yote si hospitali? »

Sisi tuliotoka ISP tunajua kufundisha hesabu na Kifaransa. Mambo ya uganga tunayajua kupitia wanafunzi wetu wa zamani, wakirudi kutusalimia. Basi tulienda kuwauliza wawili: mmoja ni munganga katika hospitali, mwingine anafanya kazi katika biro ya zoni ya afya. Tunaandika hapa tuliyoyasikia, maana mama huyu si peke yake. Kila mwaka, majibu ya mtihani wa serikali yakitoka, swali hili linaingia katika nyumba nyingi za mji wetu.

Tofauti ipo, na ni kubwa. Munganga anampokea mgonjwa mmoja mbele yake. Anamuuliza, anamgusa tumbo, anaandika dawa, au anashika kisu na kupasua. Mtu wa afya ya jamii, ile vijana wanaita sante piblik, anatazama kartie nzima na kuhesabu: wangapi wameugua wiki hii, wanakaa wapi, wanachota maji wapi, watoto gani hawakupata chanjo.

Tuchukue mfano wa karibu. Kolera tunaijua, sisi tunaokaa kando ya maziwa. Kule Uvira watafiti walichukua madaftari mawili. La kwanza lilikuwa la kiwanda cha maji, likionyesha siku ambazo maji yalitoka na siku ambazo yalikatika. La pili lilikuwa la kituo cha kutibu kolera, likionyesha wagonjwa walioingia kila siku, kuanzia 2009 mpaka 2014. Wakayaweka kando kando. Wakaona kwamba bomba likikauka siku moja, wagonjwa wanaongezeka katika siku 12 zinazofuata. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2015. Sasa fikirini: wauguzi na waganga wa kituo kile walikuwa wanaokoa watu usiku na mchana kwa serumu na maji ya chumvi na sukari. Bila wao watu wangekufa. Lakini aliyesoma madaftari yale mawili ndiye aliyeonyesha ugonjwa unapitia mlango gani. Kazi zote mbili zinahitajika, na moja haifanyi ya nyingine.

Shangazi alituambia afya ya jamii ni kazi ya kukaa ofisini kuandika ripoti, msichana hachoki. Hapana, dada yetu. Wakati wa Ebola ya 2018 mpaka 2020, katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, watu 3.470 waliugua na 2.287 wakafa. Chanjo ilikuwepo. Kilichokosekana mara nyingi ni imani. Palihitajika watu wa kwenda Beni na Butembo, kukaa chini na wamama, kusikia matusi bila kujibu, na kutafuta namna ya kuzika ambayo familia itakubali bila kuambukizwa. Kuna wafanyakazi waliopigwa mawe. Kuna waliouawa. Anayefikiri hiyo ni kazi ya kupumzika aulize waliorudi kutoka kule. Na tunaomba tuache kabisa ule ushauri wa kusema « hii itamfaa kwa sababu ataolewa ». Munganga anakesha hospitali. Mtu wa afya ya jamii anapanda pikipiki mpaka mwisho wa zoni wakati wa mvua. Mume atakayesumbua kwa hili atasumbua kwa lile.

Sasa tuje kwenye vyeo, maana hapo ndipo familia nyingi zinadanganyika. Nchi yetu imegawanywa katika zoni za afya 519. Hapa Bukavu tuna Ibanda, Kadutu na Bagira. Kila zoni ina hospitali yake kuu na biro yake. Anayeongoza biro ni munganga. Hata jina la cheo chake linasema hivyo. Karibu naye kuna muuguzi msimamizi, mtu wa lishe, mtu wa maji na usafi, mtu wa kuhamasisha jamii na mtunza hesabu. Chini yao kuna vituo vya afya, kila kimoja na muuguzi wake mkuu, na wale wa kujitolea wanaopita nyumba kwa nyumba, ambao wengine ni sisi wenyewe wa kikundi hiki. Mwenye masta ya afya ya jamii anapata nafasi katika biro, katika ofisi za mkoa, au katika mashirika.

Lakini tulitaka mama asikie jambo moja waziwazi, na tulilirudia mara mbili. Masta hiyo haimfanyi mtu kuwa munganga. Haimpi ruhusa ya kupasua, wala haitamwandikisha katika Ordre ya waganga. Munganga anaweza kurudi shuleni baadaye kusoma afya ya jamii, na wengi wanafanya hivyo. Kinshasa ina shule yake ya afya ya umma tangu 1984, na hapa kwetu pia masomo hayo yapo. Lakini mwenye masta akisema siku moja « sasa nataka kutibu », anaanza mwaka wa kwanza pamoja na watoto waliotoka sekondari juzi. Njia hizi mbili zinaonekana kama zinakwenda sawa, kumbe daraja liko upande mmoja tu.

Tunao mfano nyumbani. Dokta Mukwege alisoma uganga Burundi, akamaliza 1983, akaja kufanya kazi Lemera. Kule aliona wamama wanafika wamechelewa, wanakufa wakizaa. Akaenda Angers, Ufaransa, kujifunza magonjwa ya wanawake, kisha akarudi. Hospitali ya Panzi ilianza 1999, na 2018 alipewa tuzo ya Nobel ya Amani. Ni munganga wa kushika kisu. Hata hivyo amezunguka dunia akisema kwamba chumba cha upasuaji peke yake hakitamaliza yale yanayowaleta wanawake pale.

Baada ya hayo tulikaa na pesa. Uganga ni miaka 6 ama 7, ikiwa hakuna mwaka wa kurudia, na mwaka wa kwanza unaangusha wengi, hata wale waliokuwa wa kwanza katika kalasi zetu. Wazazi wanahesabu pesa za masomo peke yake. Wanasahau silabusi, bluzi nyeupe, usafiri wa kila siku, staji, memwari, na chakula cha mtu anayesoma mpaka saa nane za usiku. Kuna familia moja tuliyoijua, iliuza kiwanja ili mtoto aanze. Pesa ikaisha mwaka wa tatu. Leo kijana ana karatasi ya sayansi za uganga isiyomruhusu kumtibu mtu, na kiwanja kimejengwa na wengine. Muuguzi aliyemaliza lisansi anaweza kufanya kazi kesho yake. Munganga wa nusu hana kazi.

Pia angalieni chuo. Siku hizi kila kona ina bango. Kabla ya kulipa franka hata moja, ombeni kuona ruhusa ya wizara ya Elimu ya Juu, na muulize kama diploma ya masomo yale yenyewe inakubaliwa, si ya chuo kwa ujumla tu. Tunajua binti aliyelipa miaka mitatu katika chuo ambacho hatutakitaja, na alipopeleka karatasi yake kazini waliirudisha.

Je, kazi baadaye? Hapa hatutamdanganya mtu. Kuna waganga wanaofanya kazi hospitali za serikali kwa miaka bila mshahara, wakingoja majina yao yaandikwe Kinshasa, wakiishi kwa primu na kwa kile wagonjwa wanacholipa. Ndiyo maana wanafungua viklinika. Kwa upande wa afya ya jamii, kazi nyingi ni za miradi: mkataba wa miezi 6, mwaka 1, halafu unangoja. Mwaka 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, watu wengi wa miradi ya afya walirudi nyumbani na mabegi yao. Munganga asiye na mshahara bado anaweza kutibu jirani akapewa kuku. Mwenye masta bila mradi, nani atamwita usiku?

Baada ya kusikia haya yote, sisi wenyewe tulikuwa upande wa shangazi. Tulimwambia mama: pesa ni ya miaka 2, masta ni miaka 2, hesabu inakubali. Tulijiona tumemaliza. Mama akasema: « Mbona hamjamuuliza mwenyewe? »

Ni kweli, hatukumuuliza. Akaja Jumatano jioni, ametoka staji, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Akatuambia kisa kimoja. Katika kituo cha afya nje ya mji, wakati wa staji yake, waliletewa mama anayetoka damu baada ya kuzaa. Alizalia nyumbani. Mume alikuwa machimboni, na mama mkwe alisema wamngoje aamue. Halafu walitafuta watu wa kubeba machela. Barabara ilikuwa imekatika. Walipofika kituoni, muuguzi aliita gari la hospitali, gari likachelewa. Yule mama alifia mikononi mwa binti wetu.

Tulinyamaza. Wa kwanza kusema alikuwa mama wa sambaza: « Mwanangu, si unaona? Yule alikuwa amekufa tangu nyumbani. Alikosa mtu wa kumwambia mama mkwe asingoje. Hata ungekuwa munganga pale, bila damu, bila chumba cha kupasulia, ungefanya nini? » Hakusoma masomo hayo, lakini alisema kile ambacho wataalamu wa afya ya jamii wanafundisha: mzazi anachelewa mara tatu, kwanza nyumbani kuamua, halafu njiani, halafu hospitalini kabla ya kuhudumiwa. Sisi tulifurahi, tulidhani neno limepatikana.

Binti akajibu polepole: « Mama, unasema kweli. Lakini mimi nikilala sioni mama mkwe, wala barabara. Ninaona mikono yangu. Nilikuwa ninamkanda tumbo vile walivyotufundisha, nikamchoma sindano, kisha ikabaki kungoja munganga. Nimechoka kungoja munganga. »

Hapo tuliacha kubishana. Kisa kilikuwa kimoja: mama yake alisikia swali la « kwa nini alifika vile? », binti alisikia swali la « sasa nifanye nini? ». Wote wawili wana haki. Lakini mwenye kusoma miaka 6 ni yule ambaye swali la pili linamnyima usingizi. Tungemlazimisha masta kwa sababu ya hesabu yetu, angekaa katika biro ya zoni akitazama mlango wa hospitali. Na tuseme pia kinyume chake: tunao mabinti wanaolilia uganga kwa sababu ya neno « Dokta » mbele ya jina, au kwa sababu baba alisema. Ukiwauliza wangependa kufanya nini asubuhi, wanakuelezea kazi ya afya ya jamii, neno kwa neno: kufundisha wamama, kuzunguka shule, kuchunguza visima. Hao wanapoteza miaka yao na pesa yenu.

Lakini moyo haulipi minervali, na mama huyu ana mtoto mwingine wa kike nyuma, yuko mwaka wa tano sekondari. Hilo tulilikalia muda mrefu kuliko yote, mpaka mtu akaleta taa. Tulikubaliana kwamba pesa ya mdogo iwekwe kando kwanza, katika kitabu chake, na dada asiiguse hata akirudia mwaka. Binti hataanza mwaka huu. Atafanya kazi ya uuguzi miaka 2 katika poliklinika iliyokwisha kumwambia aje, na atakuwa anaweka nusu ya anachopata katika likirimba kwa jina lake mwenyewe. Pesa ya mama itabaki bila kuguswa. Chuo alichouliza kilimwambia ataanza mwaka wa kwanza kama wengine, kwa hiyo jioni atasoma tena kemia na fizikia. Mmoja wetu atamsaidia siku ya posho baada ya mkutano. Atakuwa na miaka 25 akianza. Shangazi alisema ni mzee. Tulimhesabia: akimaliza atakuwa na miaka 31 au 32, na miaka hiyo ataifikia hata asiposoma.

Shangazi hakufurahi sana. Lakini kabla ya kutoka aliuliza zile silabusi za kemia zinauzwa wapi.

Zamu ya likirimba ya mwezi ujao ilikuwa ya mama mwingine, muuza makala. Amekubali kumwachia mama wa sambaza ili alipe deni la lisansi lililobaki na kutoa diploma, kwa maana bila hiyo poliklinika haitampokea binti. Jumatatu asubuhi wataenda pamoja kuichukua.