Kukarabati si kufuta

Miaka mitatu kabla binadamu hajakanyaga mwezi, neno la Kiswahili lilikwisha pewa kiti ndani ya chombo cha angani. Tarehe 8 Septemba, 1966, televisheni ya NBC ya Marekani ilianza kuonyesha tamthilia ya kisayansi iitwayo Star Trek, na miongoni mwa maofisa wa chombo hicho alikuwamo mwanamke mweusi, Luteni Uhura. Jina lake lilichongwa kutoka neno "uhuru". Mchezaji mwenyewe, Nichelle Nichols, aliyefariki mwaka 2022, alipata kueleza kuwa siku ya kujaribiwa alikuwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, inayohusu Kenya. Mtungaji wa tamthilia, Gene Roddenberry, akalipenda neno hilo, nalo likalainishwa mwisho wake.

Tamthilia hiyo ilikoma mwaka 1969 baada ya vipindi 79. Tanzania Bara ilipopata vituo vyake vya kwanza vya televisheni mwaka 1994, ilikuwa tayari ni kitu cha kale. Lakini mwaka 2006 wenye mali, kampuni ya CBS, walifanya jambo lililozusha ubishi mkubwa miongoni mwa wapenzi wake. Hila za picha zilizotengenezwa na mafundi wa miaka ya 1960 ziliondolewa, na mahali pake zikawekwa picha mpya zilizoundwa kwa kompyuta.

Ili tuupime ubishi huo kwa haki, yafaa kwanza tujue kazi ya kale ilifanywaje. Chombo kilichoonekana kikipasua anga kilikuwa ni mfano uliotengenezwa kwa mbao kwa sehemu kubwa, wenye urefu wa mita 3.4 hivi. Mfano huo ulipigwa picha mbele ya pazia la buluu, kisha mafundi wakaondoa ule ubuluu kwa mashine na kupachika nyota nyuma yake. Kazi hiyo ilikwenda tabaka juu ya tabaka. Kila tabaka lilimaanisha kuipiga picha upya filamu iliyokwisha kupigwa, na kila mara chenga na vumbi viliongezeka. Fedha ilikuwa haba na muda mfupi, kwa hiyo picha ile ile ya chombo ilirudiwa katika kipindi hiki na kile.

Uhaba huo huo ndio uliozaa hila iliyokuja kupendwa kuliko zote. Kukitua chombo kwenye sayari mpya kila wiki kungekula fedha nyingi mno. Watunzi wakabuni mtambo wa kumyeyusha mtu mahali pamoja na kumtokeza pengine, katika mmeto wa nuru. Mmeto wenyewe ulikuwa ni vumbi la alumini lililomwagwa katika mwanga mkali mbele ya kamera. Hiyo ni kazi ya mikono, na iliyofanya watazamaji wa dunia nzima waamini ni akili ya mfanyakazi.

Sasa kwa nini kazi kama hiyo iondolewe? Wenye mali walikuwa na hoja, wala si hoja ya kupuuzwa. Televisheni mpya zilikuwa zimeanza kuonyesha picha kali kuliko zile za zamani. Negativu zilipopitishwa upya katika mitambo, sura za wachezaji zilitoka safi kana kwamba zimepigwa jana. Lakini picha za angani, kwa sababu ya yale matabaka, zilibaki na ukungu na madoa. Mtazamaji angeruka kutoka usafi hadi uchafu ndani ya dakika moja. Aidha, watu waliokabidhiwa kazi hiyo, wakiwamo Michael na Denise Okuda, walikuwa wapenzi wa tamthilia wenyewe. Hawakukibadili chombo umbo, bali walitaka kipya kifanane na cha kale.

Wapinzani nao walijibu kuwa tamthilia ni kitu kimoja chenye umri mmoja. Mchezaji wa 1966 amevaa nguo za 1966, anaongea kwa mtindo wa 1966, na ukuta ulio nyuma yake ni wa 1966. Ukichomeka katikati yao picha ya 2006, umetia kiraka cha rangi nyingine. Tena kiraka nacho huchakaa, kwani televisheni za leo ni kali kuliko za mwaka 2006, na zile picha za kompyuta zilizoitwa mpya nazo zimeanza kuonyesha umri wake. Je, zibadilishwe tena, na tena?

Ndugu msomaji wa Mwanga, hapa kati ya bandari ya Kigoma na mji mkongwe wa Ujiji, huenda akauliza ya Wamarekani yanamhusu nini. Naye aitazame historia ya Liemba. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, ikaletwa Kigoma kwa reli na kuunganishwa upya. Mwaka 1915 ilishushwa majini kwa jina la Graf von Goetzen. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isije ikatekwa. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Katika miaka ya 1970 mitambo yake ya mvuke iliondolewa, ikawekwa ya dizeli.

Badiliko hilo lilikuwa na maana, kwani abiria wa Kasanga au Mpulungu alitaka kufika. Meli ni mtumishi, na mtumishi aliyechoka hupewa nguvu mpya. Lakini bodi lake la chuma limebaki, na ndilo linalotufanya tuseme kuwa hii ndiyo meli ya 1915. Kama bodi hilo lingetupwa na kuundwa jingine, kisha tukaendelea kusema ni ile ile, tungekuwa tunawadanganya watoto wetu. Katika tamthilia ya televisheni, bodi hilo ni picha yenyewe, kwa kuwa hakuna kitu kingine kinachobaki.

Wamarekani wenyewe walilijua hilo. Ule mfano wa mbao ulikabidhiwa kwa makumbusho ya Smithsonian, Washington, mwaka 1974. Katika matengenezo ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulipakwa rangi na kuchorwa mistari ambayo wengi waliilalamikia. Basi wahifadhi wakaanza kazi ya kuurudisha katika sura yake ya mwaka 1967, na mwaka 2016 ukawekwa tena hadharani. Kwa bahati njema, sehemu ya juu ya sahani ya chombo ilikuwa bado na rangi ya awali. Wahifadhi waliiacha kama ilivyo, ikawa kipimo cha kurekebishia sehemu nyingine. Bila kile kilichoachwa, wasingekuwa na mahali pa kurudi.

Ubishi wa tamthilia nao ulipata suluhu ya kiungwana. Santuri zilizotolewa kuanzia mwaka 2009 zilimruhusu mtazamaji kuchagua mwenyewe, ama aone picha za angani za kale, ama za kompyuta. Tamthilia iliyofuata ya ukoo huo, iliyoanza mwaka 1987, iliposafishwa kuanzia mwaka 2012, mafundi walikwenda mbali zaidi. Walizitafuta filamu za awali za mifano ya vyombo, wakaziunganisha upya moja baada ya nyingine, hata kazi ya mafundi wa kwanza ikaonekana safi kuliko walivyopata kuiona wao wenyewe. Kompyuta ilitumika pale tu palipokuwa na pengo.

Jambo hili liko pia katika kabati za nyumba zetu. Familia nyingi zina kanda za video za harusi, maulidi, ubatizo na mazishi, nazo kanda huharibika kwa unyevu, joto na ukungu. Kuzihamishia katika kompyuta ni wajibu, wala si anasa. Lakini siku hizi fundi anaweza pia kuzipendezesha, yaani kuuondoa ukuta wa udongo wa nyumba ya bibi na kuweka bustani ya maua, au kuzima ngoma na vigelegele na kuweka wimbo wa mwaka huu. Bibi atabaki pichani, lakini nyumba aliyoijenga kwa jasho lake itakuwa imebomolewa mara ya pili.

Kwa hiyo, mzazi, kabla ya kuikabidhi kanda, patana na fundi juu ya mambo matatu. Kwanza, ahamishe yote kama yalivyo, pamoja na chenga zake. Pili, mapambo, ukiyataka, yafanywe katika nakala ya pili. Tatu, kanda yenyewe irudi mikononi mwako. Kisha keti na wazee wangali hai, mwandike mwaka, mahali na majina ya wanaoonekana, maana hayo hakuna kompyuta itakayoyarudisha.