Saa ya Mama Zuhura

"Mjomba, saa inajuaje kwamba mtu ametembea?"

Swali zuri hilo, mwanangu! Swali zuri sana. Wako watu wazima wanaovaa saa hizo mwaka mzima na hawajawahi kujiuliza. Sogeeni karibu nyote, niwasimulie.

Palikuwa na msichana wa Dar es Salaam, jina lake Zuhura. Mama yake ni mhasibu. Kutwa amekaa ofisini, macho kwenye kompyuta. Jioni amekaa kwenye daladala, akibahatika kupata siti. Usiku amekaa kwenye kochi. Basi akanunua saa janja, ile inayohesabu hatua na mapigo ya moyo.

Jumamosi moja Mama aliiacha saa mezani akaenda kuoga. Zuhura akaivaa. Akaketi mkekani, akaanza kupunga mkono. Huku na huku. Huku na huku. Akatazama kioo cha saa. Loo, hatua zimeongezeka!

"We saa, mbona unadanganyika? Mimi nimekaa!"

Saa ikajibu kwa kisauti chembamba. "Sina macho, Zuhura. Siioni miguu yako. Je, umewahi kubeba ndoo ya maji kichwani?"

"Nimewahi."

"Ukipiga hatua, maji yanafanyaje?"

"Yanacheza."

"Na ukisimama?"

"Yanatulia."

"Basi hata aliyefumba macho, akiyasikiliza maji hayo, anaweza kuhesabu hatua zako. Ndani yangu mna kidude cha milimita chache tu. Mkono ukitikisika, nacho kinacheza. Mtikisiko ukija kwa mpangilio, nasema: hatua, hatua, hatua. Ukipunga mkono mkekani, nazidisha. Ukisukuma toroli, mikono imetulia kwenye vishikio, napunguza. Mimi nahesabu tu. Kutembea ni kazi yenu."

Mmemwona Zuhura, wanangu? Hakuiamini saa kwa sababu ina bei kubwa. Aliijaribu kwanza. Hongera zake! Nanyi mkipewa kitu kipya, kijaribuni hivyohivyo.

Zuhura akaiuliza saa tena, "Na hii taa ya kijani hapa chini ni ya nini?"

"Hiyo ni ya moyo. Damu hunyonya mwanga wa kijani. Moyo unapopiga, damu nyingi inapita chini ya ngozi, na mwanga unaonirudia unapungua. Kati ya pigo na pigo, mwanga unaongezeka tena. Unapungua, unaongezeka. Unapungua, unaongezeka. Ndivyo ninavyoyapata mapigo. Mtu mzima aliyepumzika kwa kawaida ana mapigo 60 hadi 100 kwa dakika."

"Na nikikimbia?"

"Yanapanda, maana misuli inadai damu zaidi. Lakini ukinivaa nikalegea, nakosea. Mimi nahesabu tu. Mtu akiumwa kifua, aende kwa daktari, asiniulize mimi."

Sasa sikilizeni. Kila jioni Mama aliitazama saa yake akanuna. "Hatua 3,000 tu! Lini nitafika 10,000?"

Zuhura akauliza, "Kwani nani alisema ziwe 10,000?"

Hapo ndipo ninapompenda mtoto huyu! Namba hiyo haikutoka kwa daktari aliyempima Mama. Ilitoka Japani. Mwaka 1964 michezo ya Olimpiki ilifanyika Tokyo, na watu wengi wakawa wanazungumzia mazoezi. Mwaka 1965 kampuni ya Yamasa ikaanza kuuza kifaa cha kuvaa kiunoni kilichoitwa Manpo-kei, yaani kipima hatua 10,000. Namba ni rahisi kukumbuka, na biashara inapenda namba kama hizo. Ikaenea dunia nzima, mpaka ikaingia kwenye saa ya Mama Zuhura.

"Kwa hiyo ni uongo, Mjomba?"

Si uongo. Anayefika 10,000 amefanya vizuri. Ila asiyefika asikate tamaa. Mwaka 2019 mtafiti I-Min Lee wa Harvard, Marekani, na wenzake walichapisha utafiti juu ya wanawake zaidi ya 16,000, wengi wao bibi kabisa, wastani wa miaka 72. Waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku walifariki wachache zaidi katika miaka ya utafiti kuliko waliotembea kama 2,700. Kadiri hatua zilivyoongezeka, hali ilizidi kuwa nzuri, hadi karibu 7,500. Kuanzia hapo haikubadilika sana. Kwangu mimi hii ni habari ya furaha. Hatua chache za ziada zina maana, tena hata kwa bibi.

Mama aliposikia hayo, akaacha kununa. Akaanza kushuka daladala kituo kimoja kabla ya nyumbani. Kituo kimoja tu! Jioni anaitazama saa: zimezidi za jana. Kesho yake anashuka palepale tena. Hiyo ndiyo faida kubwa ya saa hizi, nami naisifu bila kusita. Mwili unachelewa kukuonyesha faida ya kutembea, pengine miezi. Saa inakuonyesha jioni ileile, na mtu akiona ameongeza, anapata hamu ya kurudia. Siku ya homa, hata hivyo, Mama aliivua akalala. Alifanya vyema.

"Na mimi ninunuliwe saa, Mjomba?"

Huna haja nayo, mwanangu. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku za kuchangamsha mwili, kiasi cha kuhema. Rede zimo. Kuruka kamba kumo. Chandimu imo. Kukimbizana njiani mkitoka shule kumo pia, ila si kwenye barabara ya magari. Haya, inukeni mkacheze, jua bado lipo.