Ngoma ya Msibani

Mgeni aliyefika kwenye msiba wa Kinyakyusa miaka ya 1930 angeweza kudhani amekosea nyumba. Wanawake wakiangua kilio kando ya maiti, uani ngoma zinarindima na wanaume wanacheza, mikuki mkononi. Vijana wanatupiana macho. Saa zikisonga, kilio kinapungua na vicheko vinazidi.

Aliyeyaandika hayo ni Godfrey Wilson, mtafiti Mwingereza aliyefanya kazi Unyakyusa na mkewe, Monica, kati ya 1934 na 1938. Katika makala yake ya 1939 kuhusu maziko, aliandika kwamba wenyeji walimfafanulia kuwa anayecheza msibani hafurahii kifo. Anacheza kwa sababu moyoni mna vita: majonzi na hofu vimempanda, navyo havitulizwi kwa kukaa kimya.

Katumba Songwe, kata ya wilaya ya Kyela kwenye tambarare ya mpunga na kakao kaskazini mwa Ziwa Nyasa, imo katika nchi hiyo ya Wanyakyusa. Zamani wavulana wa huko waliokaribia miaka kumi na mmoja waliondoka kwa baba zao, wakajenga kijiji chao wenyewe na kuzeeka pamoja. Raha kubwa kwao ilikuwa ukwangala: kukaa na wenzako, kula, kunywa na kuzungumza. Epikuro, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyefariki mwaka 270 kabla ya Kristo, angewaelewa, kwani naye aliuweka urafiki juu ya raha nyingi. Ila yeye alifundisha kwamba kifo si kitu cha kutuhusu. Wanyakyusa hawakusema hivyo kamwe. Walikiogopa, na kwa kukiogopa wakakusanyika.

Wamisionari wa Moravian na wa Berlin waliingia mwaka 1891, na Wakristo wakaacha ngoma ya msiba, wakaimba nyimbo za kanisa. Wapo hata leo wanaomkemea mfiwa anayecheka. Wanamwonea. Mwaka 1997 wanasaikolojia Dacher Keltner na George Bonanno walieleza kwamba wajane na wagane waliocheka kwa dhati walipomzungumzia marehemu walikuwa na dhiki ndogo kuliko wenzao. Miaka miwili baadaye Margaret Stroebe na Henk Schut wa Uholanzi walieleza kwamba mfiwa huzama katika huzuni, akatoka kushughulikia maisha, akarudi tena. Kwenda na kurudi huko ndiko kunakomponya.

Godfrey alifariki mwaka 1944. Monica, akiwa mjane mwenye watoto wawili wa kiume, ndiye aliyeyaendeleza madaftari yao, na kitabu chake Good Company, kinachoeleza raha hiyo ya kukaa na wenzako, kikatoka mwaka 1951. Katika kingine, cha 1957, alieleza kwamba Wanyakyusa waliamini mfiwa asiyefanyiwa mila za msiba huweza kurukwa na akili. Waliujua mzigo wa huzuni kwenye akili ya mtu, wakaukabidhi kwa ukoo na majirani, wala hawakumwachia mfiwa aubebe peke yake.