Kupima Upana wa Nyota

Mtu akiielekeza darubini kwenye mwezi, ataiona milima yake na vivuli vya milima hiyo. Akiielekeza kwenye sayari ya Mshtarii, ataona duara lenye mikanda, na miezi minne pembeni yake. Lakini akiielekeza kwenye nyota, hata darubini hiyo iwe kubwa kadiri gani, nyota itabaki kuwa nukta, iliyozidi kung'aa bila ya kuzidi upana. Kwa karne tatu tangu darubini ilipobuniwa, wanafalaki walijua mahali pa nyota na rangi zake, na katika karne ya 19 wakajua hata umbali wa baadhi yake. Walichokikosa ni kitu ambacho mtu angedhani ni chepesi kuliko vyote, nacho ni ukubwa wa umbo lake.

Sababu ya kwanza ni umbali. Upana wa vitu vya mbinguni hupimwa kwa pembe, na digrii moja hugawanywa katika dakika 60, na kila dakika katika sekunde 60. Mwezi mpevu una upana wa nusu digrii hivi, hali nyota nyingi tuzionazo kwa macho hazina ila sehemu chache za elfu za sekunde moja. Sehemu moja ya elfu ya sekunde ni kiasi cha sarafu yenye upana wa sentimita mbili na kidogo, iliyowekwa Mombasa, ikatazamwa na mtu aliyesimama Mumbai. Sababu ya pili ni hewa, ambayo haitulii kamwe, na kwa kutotulia kwake huitawanya nuru ya nyota hata ikaonekana kama doa lenye upana wa karibu sekunde nzima. Na hata hewa isingalikuwapo, nuru yenyewe ni mawimbi, na kwa tabia hiyo kioo cha darubini hakiwezi kupambanua vitu vilivyokaribiana kupita kipimo maalumu: kadiri kioo kinavyokuwa kipana, ndivyo kinavyopambanua zaidi, na kwa kuipata elfu ya sekunde ingehitajika darubini yenye kioo cha zaidi ya mita mia moja, kazi ambayo hapana fundi aliyethubutu kuikabili.

Hila ya kukiepuka kikwazo hicho ilitajwa mwaka 1868 na Mfaransa Hippolyte Fizeau. Yeye alifahamu kwamba si lazima kuwa na kioo kizima. Yatosha kuchukua vipande viwili tu, kila kimoja mahali ambapo ungekuwa ukingo wa kioo hicho, kisha nuru ya vipande hivyo ikakutanishwa pamoja. Mawimbi yakikutana, pale kilele kinapopanda juu ya kilele nuru huongezeka, na pale kilele kinapoangukia katika bonde nuru hufutika. Basi badala ya doa la nyota huonekana mistari, mweupe kwa mweusi, iliyopangika sawasawa. Ikiwa nyota ni nukta halisi, mistari hiyo hubaki dhahiri hata vipande vya kioo vitenganishwe namna gani. Lakini ikiwa nyota ina upana, kila sehemu ya uso wake hutoa mistari yake mwenyewe, iliyosogea kidogo kuliko ya jirani yake, na vioo vinapozidi kuachana, mistari hiyo hupishana, weusi wa mmoja ukajazwa na weupe wa mwingine, mpaka yote ikafifia na kutoweka. Masafa yaliyopo baina ya vioo wakati wa kutoweka huko ndiyo yanayompa mpimaji upana wa nyota. Hapati jawabu, basi, kwa kile anachokiona, bali kwa kile kinachokoma kuonekana.

Édouard Stephan alilijaribu jambo hili huko Marseille katika miaka ya 1870 kwa darubini ya sentimita 80, na mistari haikutoweka hata kwa nyota moja, naye akahukumu kwa haki kwamba nyota zote alizozitazama zilikuwa ndogo kupita uwezo wa chombo chake. Ilibidi kungoja hadi tarehe 13 Desemba 1920, katika mlima wa Mount Wilson huko California, ambako Albert Michelson na Francis Pease walikuwa wamefunga boriti ya chuma yenye urefu wa mita sita juu ya darubini kubwa ya mlima huo, na juu ya boriti wakatia vioo vidogo vya kusogezwa huku na huku. Nyota waliyoichagua ni ile nyekundu iliyo begani mwa Jabari, iitwayo Betelgeuse. Vioo vilipofikia masafa ya mita tatu hivi, mistari ilitoweka. Na kwa hesabu, upana wa nyota ukawa sekunde 0.047. Kwa umbali uliokisiwa wakati ule, kipenyo chake kilizidi kilomita milioni 380, yaani kama nyota hiyo ingewekwa mahali pa jua letu, dunia yetu ingezunguka ndani ya tumbo lake. Na vipimo vya siku hizi vimeiongezea ukubwa zaidi.

Ungedhani kwamba baada ya ushindi huo nyota nyingine zingefuata upesi, lakini haikuwa hivyo. Pease alijenga boriti ya mita 15, na haikumpa matunda aliyoyatumaini, kwa sababu mistari huonekana tu ikiwa njia mbili za nuru zimelingana kwa urefu hadi kiasi kilicho chini ya sehemu ya elfu ya milimita, na chuma kirefu hupinda na kutetemeka. Huko Narrabri, Australia, Robert Hanbury Brown na Richard Twiss walifuata njia nyingine, ya kulinganisha mabadiliko ya wingi wa nuru inayofika kwenye vioo viwili badala ya kuikutanisha nuru yenyewe, wakapima nyota 32; ila njia yao ilifaa kwa nyota angavu tu. Mwaka 1974 Antoine Labeyrie, huko Nice, aliikutanisha nuru ya nyota Vega kutoka darubini mbili zilizosimama mbalimbali, na tangu hapo boriti haikuhitajika tena.

Mrithi mkubwa wa kazi hiyo leo yuko katika jangwa la Atacama, nchini Chile, juu ya mlima Paranal, ambako shirika la nchi za Ulaya limesimamisha darubini nne zenye vioo vya mita 8.2, na nne ndogo zinazohamishika juu ya reli. Nuru inayofika kwenye darubini moja kabla ya nyingine hupelekwa chini ya ardhi, katika handaki lenye vioo vinavyokwenda juu ya reli usiku kucha, kurefusha njia hii na kufupisha ile kadiri anga inavyozunguka. Mrithi mwingine ni CHARA, mradi wa Chuo Kikuu cha Georgia State, wenye darubini sita za mita moja palepale Mount Wilson, ambazo mbili zilizo mbali kabisa zimeachana kwa mita 330 hivi. Sita hizo hufanya jozi 15, na kila jozi huleta sehemu yake ya habari, hata wataalamu wakaweza kuunda picha, si kupima upana tu. Aghalabu hutumiwa mionzi ya infraredi, kwanza kwa kuwa mawimbi yake ni marefu na hewa haiyavurugi kwa haraka kama nuru ya macho, na pili kwa kuwa hupenya mavumbi yanayofunika nyota changa na kitovu cha galaksi yetu.

Picha hizo zimefumbua mengi. Mwaka 2007 uso wa Altair ulionekana umevimba kiunoni, kwa kuwa nyota hiyo hujizungusha mara moja kwa muda usiofika nusu siku, hali jua letu huchukua siku 25 hivi. Nyota Epsilon Aurigae, inayofifia kila baada ya miaka 27 kwa sababu iliyowatatiza wanafalaki tangu karne ya 19, ilitazamwa na CHARA mwaka 2009, ikaonekana sahani nyeusi ya mavumbi ikipita mbele yake. Na Mei 2018, darubini nne za Paranal zilizounganishwa ziliifuata nyota S2 ilipopita karibu na shimo jeusi lililo katikati ya galaksi yetu, lenye uzito wa majua milioni nne, ikienda kwa zaidi ya kilomita milioni 25 kwa saa. Na rangi ya nuru yake ikabadilika sawasawa na hesabu za Einstein.

Lakini faida iliyo pana kuliko hizo ni ya upana wenyewe. Ukijua upana wa nyota na wingi wa nuru inayotufikia, waweza kulihesabu joto la uso wake bila ya kukisia. Na ziko nyota, mfano wa Delta Cephei, zinazovimba na kunywea kwa zamu, ambazo kuongezeka kwa upana wake kwa pembe kumepimwa kwa mistari hii, na kasi ya kuvimba kwake ikajulikana kwa rangi ya nuru. Vipimo hivyo viwili vikiunganishwa hutoa umbali wa nyota. Kwa kuwa nyota za jamii hiyo huonekana hata katika galaksi nyingine, umbali huo ndio msingi wa kupimia umbali wa galaksi hizo, na kosa dogo katika upana wa nyota moja lingeenea hadi kwenye vipimo vya ulimwengu wote.