Nuru Baina ya Alasiri na Magharibi

Mwalimu aandikapo ubaoni maswali kumi ya Hisabati na kuwaambia watoto wakayafanye nyumbani, huwa ameikabidhi nyumba amana. Kesho atakagua madaftari, naye atajua nani alifanya na nani hakufanya. Lakini hawezi kujua kwa nini hakufanya. Jambo hilo lajulikana nyumbani, nasi wazazi ndio tutakaoulizwa.

Maneno haya twayaelekeza kwa wazazi wa Kaisho, mji uliokuwa katika Wilaya ya Karagwe na ambao tangu mwaka 2012 umo katika Wilaya ya Kyerwa. Hata hivyo, wa Murongo na wa Bukoba nao hawatakosa la kuchukua.

Tuitazame jioni ya mtoto wa darasa la sita. Atoka shuleni alasiri, afika nyumbani, ala. Papo hapo apewa ndoo ya maji. Akirudi kisimani, mbuzi wangojea. Akiisha kuwafunga, kuni hazijaletwa. Ikiwa ni msichana, ndizi za chakula cha usiku zamsubiri azimenye. Usiku umekwisha kuingia, na wote wamekwisha kula, ndipo husikia sauti ya baba: "Mbona husomi?" Basi mtoto huyo hukaa mbele ya taa ndogo, daftari magotini, na kabla ya swali la tatu amekwisha kusinzia. Asubuhi huadhibiwa shuleni kwa uvivu, ilhali tangu jana hakupata nafasi hata ya kukaa kitako.

Hatusemi kazi za nyumbani ni mbaya. Mtoto asiyejua jembe wala ndoo hakulelewa vyema. Tusemalo ni kwamba mpango wetu umepinduka: kazi inayohitaji macho na akili tumeipa giza na usingizi, na kazi inayohitaji mikono tu tumeipa mwanga.

Wala hapana sababu ya kufanya hivyo, kwa kuwa Mwenyezi Mungu amewajaalia watu wa Kaisho mwanga mwingi wa jioni. Saa ya Tanzania ni moja, lakini jua halituchwei wote pamoja. Kaisho iko mbali upande wa magharibi, na jua lake huchwa yapata nusu saa baada ya kuchwa Dar es Salaam. Tena mahali hapo ni karibu sana na Ikweta, hata mwaka mzima Magharibi haiwi mbali na saa moja. Alasiri nayo huingia mnamo saa kumi au baadaye kidogo. Baina ya sala hizo mbili mna zaidi ya saa mbili na nusu za nuru isiyonunuliwa kwa mafuta wala kwa umeme.

Je, mtoto wa madarasa ya juu ya shule ya msingi ahitaji muda gani? Profesa Harris Cooper wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, ambaye amechunguza jambo hili kwa miaka mingi, huunga mkono kanuni nyepesi: dakika kumi kwa kila darasa. Kwa hesabu hiyo darasa la tano ni dakika 50, la sita dakika 60, na la saba dakika 70. Uchunguzi wake wa mwaka 2006 ulionyesha pia kwamba kwa watoto wadogo faida ya kazi hizo ni haba kuliko kwa wakubwa. Kwa hiyo kumkalisha mtoto mpaka usiku wa manane si kumpenda. Saa moja ya utulivu, kila siku, yatosha.

Basi na tuupange wakati kwa sala, kwani muadhini hutukumbusha bila kukosa. Mtoto akisha kusali Alasiri, afungue daftari kabla ya kushika ndoo. Amalizapo, angali na zaidi ya saa nzima ya mwanga kwa maji na mbuzi. Baada ya Magharibi ni wakati wa Kurani mpaka Isha. Kisha alale, kwani katika Kaisho jua huchomoza karibu na saa moja asubuhi, naye huenda akatoka kabla hakujapambazuka. Ikiwa madrasa yenu husomesha jioni, wazazi wakazungumze na mwalimu wa madrasa na mwalimu wa shule, wapatane siku na saa. Mtoto asifanywe kuchagua kitabu kimoja na kukitupa kingine.

Na kazi zigawanywe kwa haki. Imepokewa kwa Bibi Aisha (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani mwake, na wakati wa sala ukifika alitoka kwenda kusali. Ni mvulana gani basi aliye bora hata asiweze kumenya ndizi, dada yake apate kusoma?

Wako watakaosema, "Mimi sikusoma, nitamsaidiaje?" Ndugu yetu, huhitaji kujua Kiingereza ili kuuliza, "Leo mmepewa nini?" Mwambie akueleze somo la Sayansi kwa Kinyambo, akiweza kulieleza kwa lugha ya mama yake, amelielewa. Mpe hesabu ya kilo za kahawa mlizopeleka chamani na bei yake, akutolee jumla. Lakini wewe, au kaka yake aliye sekondari, msimwandikie jawabu. Daftari lililojazwa na mkono wa mwingine ni uwongo uliopakwa wino, na mtoto hujifunza humo zaidi ya hesabu.

Msimu wa kahawa nao ukumbukwe. Mavuno huanza mnamo mwezi wa Mei, na mtihani wa kumaliza darasa la saba hufanywa Septemba. Miezi ambayo mikono ya mtoto hutakiwa sana shambani ndiyo miezi ambayo akili yake hutakiwa sana darasani. Likizo ya Juni na siku za mapumziko zatosha kwa kuchuma. Saa ya Alasiri isichukuliwe. Mtoto afaulupo huingia sekondari, ambako masomo karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza, na asiyezoea kujisomea mwenyewe hupotea huko mwaka wa kwanza.

Elimu si jambo geni kwetu. Baada ya vita vya Badri imepokewa kwamba mateka wasiokuwa na mali, wajuao kuandika, waliwekewa fidia ya kuwafundisha watoto kumi wa Madina kila mmoja. Mtume (s.a.w.) aliyaona maandishi mikononi mwa watoto kuwa yafaa badala ya fedha, wakati Waislamu walikuwa maskini wa fedha. Sisi hatuombwi fidia. Twaombwa saa moja tu ya nuru, tuiache mikononi mwa mwenyewe.

Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa, nasi atujaalie kuwa wazazi wenye kuitunza amana. Amin.