Maumivu ya Muundi na Tiba ya Sindano za Kichina

Mkimbiaji aongezapo masafa kwa ghafla, ukingo wa ndani wa mfupa wa muundi huweza kuanza kuuma. Tiba ya jadi ya Kichina huyahesabu maumivu hayo kuwa ni kukwama kwa damu na qi, yaani nguvu ya uhai. Tabibu huchoma sindano nyembamba katika sehemu maalumu. Mojawapo ni Zusanli, iliyo upana wa vidole vinne chini ya pia ya goti, upande wa nje wa mfupa.

Wapo wanaopata nafuu, ingawa ushahidi wa kitafiti bado ni mdogo. Hatari ni nafuu inayomrudisha mgonjwa mbioni ilhali mfupa una ufa.

Kwa hiyo, kabla ya sindano, muundi upapaswe. Maumivu yaliyotandaa kando ya mfupa kwa sentimita 5 au zaidi kwa kawaida hutokana na mkazo wa mazoezi. Yaliyo mahali pamoja, yanayouma hata usiku, yachunguzwe kwa picha. Eksirei ya mapema huweza isioneshe ufa. Mguu uliokaza na kufa ganzi ni dharura.

Sindano ziwe mpya, na mapumziko yasiachwe.